Vitambaa vya Soja Barnabas

Mimi nauza chai na chapati pale Suna, mkabala na geti la godauni la mbao, na nitasema ukweli mapema: mimi si mtu wa subira. Mama yangu kule Kisii alikuwa akisema mimi, Nyanchoka, nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Kwa hivyo usidhani nilimpenda Barnabas siku ya kwanza. Alinikera. Mwanaume mzima, soja wa geti, sare imepigwa pasi, rungu limeegemezwa ukutani, na mkononi ameshika nini? Sindano yenye ndoano kichwani, na uzi mweupe. Anashona kitambaa cha kochi!

Huku kwetu unajua ilivyo. Kochi bila kitambaa mgongoni liko uchi. Meza ina kitambaa chake, redio ina chake, hata thamosi inavaa. Lakini hiyo ni kazi ya akina mama, tunaifanya kanisani baada ya maombi huku tukisengenya. Mwanaume na kroshia? Sijawahi kuona.

"Wee soja," nikamwambia, "mwizi akija utamfunga na huo uzi?"

Akacheka. Hata kucheka kwake kunachukua muda, kunaanzia mabegani. "Nyar Kisii," akasema, kwa maana Wajaluo humwita hivyo binti wa Kisii, "mwizi anapenda soja aliyelala. Mikono yangu haijalala hata kidogo."

Na ni kweli. Tangu aje pale, hakuna hata msumari uliopotea.

Lakini kilichonikera zaidi si kushona. Ni kuniita. Niko na wateja foleni, chapati iko kwa pani, mafuta yanalia, halafu nasikia: "Nyar Kisii! Ebu kuja uone."

"Nione nini?"

"Wewe kuja kwanza."

Naacha kila kitu, navuka barabara, nikidhani ni ajali au ni nyoka. Kumbe ni umande. Umande kwenye waya wa ua! Matone yamejipanga mstari mmoja, jua ndiyo linaanza kuyashika.

"Ndiyo nini hiyo, Barnabas?"

"Maji."

"Maji nayajua!"

"Unayajua, lakini leo hujayaangalia."

Nikarudi nikitukana kwa Kikisii ili asielewe. Chapati ilikuwa imeungua, na fundi mmoja wa mbao akaniambia hatalipia mkaa. Siku nyingine aliniita nione sisimizi wamebeba bawa la kumbikumbi. Siku nyingine rangi ya mabati baada ya mvua. Niliapa sitavuka tena barabara kwa ajili yake. Nilivuka. Sijui kwa nini, miguu ilikuwa inaenda yenyewe tu.

Kisha siku moja alikuja kunywa chai, akashika chapati yangu kwa mikono miwili, hakuila. Akaigeuza. "Hii pia ina maua," akasema. Nikaangalia. Haki ya Mungu, nimepika chapati tangu nikiwa msichana na sikuwa nimeona vile madoa ya kahawia yanavyokaa, hakuna chapati mbili zinazofanana. Tangu siku hiyo sigeuzi chapati bila kuitazama. Nilianza pia kupanga vikombe, vya bluu peke yake, vya kijani peke yake. Nikapanda maua kwenye mikebe ya mafuta, nikaiweka kando ya benchi. Wateja wakaanza kukaa zaidi. Wengine wanasema chai yangu imekuwa tamu, na majani ni yale yale.

Barnabas hakuzaliwa hivyo. Alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, maana hadithi yake nayo haina haraka. Nyumbani kwao ni upande wa Homa Bay, juu ya mlima mdogo unaoangalia ziwa. Ujana wake aliumalizia Macalder, kwenye mashimo ya dhahabu. Anasema huko hakuna mtu anayetembea, watu wote wanakimbia. Unachimba mbio, unasaga mbio, unaosha mchanga mbio, ukipata chembe unaiuza mbio na pesa unazila mbio kabla kesho haijafika. "Nilikula chakula miaka yote hiyo," aliniambia, "na ukiniuliza kilikuwa kitamu ama la, sijui." Mkewe Phelesia alikuwa nyumbani na mtoto mdogo, Lynnet, na yeye alikuwa akifika kama mgeni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Halafu ukuta wa shimo ukamwangukia. Wenzake walimtoa mzima, ila mguu ulikuwa umevunjika vibaya. Akalazwa Homa Bay miezi na miezi, mguu umening'inizwa kwa kamba na mizigo, mgongo kitandani, hawezi hata kugeuka. Wacha nikwambie, huyo mtu alikuwa moto. Alikuwa anagombana na kila mtu, anauliza saa kila wakati, anataka kukata kamba aende zake.

Kitanda cha pili kulikuwa na mzee aliyekuwa akitembelewa na mkewe, Mama Orpah. Mama huyo alikuwa akikaa na kazi yake ya kroshia mchana kutwa. Siku moja akamchoka Barnabas. Akamwambia, "Kijana, saa haiungi mfupa. Hebu nishikie huu uzi." Akampa donge la uzi alishike tu. Kesho yake akampa sindano. Kazi ya kwanza ya Barnabas ilikuwa kitu fulani ambacho wodi nzima ilishindwa kujua kama ni kofia au ni soksi ya kuku. Walicheka mpaka mzee wa kitanda cha pili akashikwa na kikohozi. Barnabas naye akacheka, na anasema ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ukuta umwangukie.

Dirisha lililokuwa karibu naye lilikuwa na vyuma, na kwenye vyuma hivyo mmea ulikuwa umepanda, ule wenye maua ya bluu yanayofunguka asubuhi na kufunga jua likiwa kali. Asubuhi moja alikuwa na sindano mkononi, akaona ua likifunguka. Si limefunguka tayari, linafunguka, yeye akiliangalia. "Nyar Kisii, nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto," aliniambia, "na sikuwa nimewahi kuona ua likifanya kazi yake." Akaanza kushona hilo dirisha: vyuma, majani, ua. Phelesia alipokuja na mtoto, mtoto aliketishwa kitandani akachezea uzi, na baba akawa anamwonyesha: hiki ni chuma, hili ni jani, hili ni ua.

Alipotoka hospitali akichechemea, mashimo yalikuwa yamekwisha kwake. Akapata kazi ya geti Suna. Na pale getini, mwaka baada ya mwaka, akawa anashona seti moja ya vitambaa. Vingine alikuwa akinishonea mimi na majirani, pazia la kibanda changu ni kazi yake, lakini hiyo seti haikuwa ya kuuza wala ya kupeana. Ilikuwa ya siku ya Lynnet. Siku ambayo wakwe watakuja nyumbani kwa *ayie*, ile siku ya watu wa kijana kufika kwa mama wa binti kumwomba akubali, naye akubali. Siku hiyo nyumba ya Jaluo husuguliwa mpaka sufuria zinaona haya. Barnabas hana nyumba kubwa. Hana ng'ombe wa kujivunia. Alitaka wakwe wakikaa, wakae juu ya kitu ambacho amekitazama vizuri.

Kila kitambaa kilikuwa na jambo lake. Kimoja kilikuwa njia ya sisimizi. Kimoja mvua inavyotembea juu ya ziwa kabla haijafika nchi kavu. Kimoja umande kwenye waya, ule niliouangalia chapati ikiungua. Na kile kikubwa cha meza ya katikati kilikuwa dirisha la wodi, kwa uzi mweupe, na maua ya bluu pembeni.

Basi Lynnet akakua, akasoma, akapata kazi kwa duka la dawa Homa Bay mjini. Ni msichana mzuri, mwerevu, anaongea mbio kama redio ya mpira. Akapata mchumba, Byron, kijana mpole wa familia inayojulikana. Mwezi wa *ayie* ulipofika, Lynnet akaja Suna kumwona babake getini. Mimi nilikuwa kwa jiko, na masikio yangu hayana mlango.

"Baba, usikasirike," akaanza. "Kwao Byron ni watu wa kuuliza maswali. Shangazi yake, Kezia, alikuwa mwalimu mkuu. Anaona kila kitu. Mimi niliwaambia uko kwa security."

"Si ndiyo niko security?"

"Uko. Lakini... baba, wakijua unakaa getini unashona vitambaa? Mwanaume? Watacheka mpaka wabebe kicheko hicho nyumbani. Nitachekwa huko miaka yote."

Barnabas alikuwa ameinamia kitambaa. Sindano ilikuwa inaenda.

"Vitambaa nitaazima kwa akina mama wa kanisa. Hivi vyako viache sandukuni tu. Tafadhali, baba. Siku hiyo moja tu."

"Sawa, mama," akasema. Huwa anamwita hivyo, mama, tangu akiwa mdogo.

Lynnet akambusu shavuni, akapanda boda boda akaenda. Nami nikaona kitu ambacho sijawahi kuona: Barnabas akavuta uzi, akafumua mstari mzima wa pembeni. Alikuwa amekosea.

Nilivuka barabara nikiwa na mwiko mkononi. "Kwa nini hukumwambia? Miaka yote hiyo! Kwani wewe ni mtu wa aina gani, unapigwa kofi unasema sawa?"

"Uliona vile aliongea?" akaniuliza.

"Nilisikia kila kitu!"

"Aliongea polepole. Huyo mtoto hajawahi kuongea polepole. Ilikuwa inamuuma, nyar Kisii."

Nilirudi nikakuta chapati mbili zimeungua, nikazila mwenyewe kwa hasira.

Phelesia aliniomba niende kwao Homa Bay kupika chapati za wakwe, kwa hivyo mambo yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Nilifika mchana wa siku iliyotangulia. Uwanja ulikuwa umefagiwa na Barnabas mwenyewe, kwa ufagio wa vijiti, mistari imepinda vizuri kuanzia mlangoni hadi kwenye ua, mtu unaona haya kukanyaga. Makochi yalikuwa yameazimwa kwa jirani. Yalikuwa makochi makuukuu, sponji imetoka nje mgongoni, lakini kitambaa hufunika mengi.

Lynnet alikuwa na vitambaa vya kanisa kwenye karai. Vilikuwa vimelegea, na kitambaa kilicholegea hakikai, kinateleza kama mlevi. Lazima ukitie ugumu. Njia ya kweli ni uji mwepesi wa unga wa muhogo: unauchemsha, unauchuja, unachovya kitambaa, unakinyoosha juu ya ubao, unangoja. Ni kazi ya nusu siku. Lynnet aliangalia simu, akaangalia jua, akachukua sukari akaikoroga kwenye maji ya moto. Sukari pia hufanya kitambaa kiwe kigumu, tena haraka.

Barnabas alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi. "Mama," akasema, "sukari itakaribisha wageni wengine."

"Baba, sina wakati wa muhogo!"

"Sawa."

Sukari ilikauka upesi, vitambaa vikasimama kama askari. Hata mimi nilisema, yawa, vimependeza.

Kesho yake wakwe wakaja. Mbele alikuwa Paul, baba mdogo wa Byron, ndiye msemaji wao, mtu wa tumbo na suti nzito. Nyuma yake Kezia, mwembamba, miwani kwenye kamba, akitazama kila kitu kuanzia kizingiti. Kisha Byron na watu wengine wachache. Wakaimba kidogo, wakakaribishwa, wakaketi. Phelesia alikuwa amevaa gauni lake la kijani, Barnabas koti la harusi yake. Maombi yakafanywa. Paul akasimama kusalimia.

Hakusimama peke yake. Kitambaa kilisimama naye.

Unajua joto la Homa Bay. Mtu ana suti nzito, amekaa, jasho limeshuka mgongoni, sukari imeyeyuka. Kitambaa cha kanisa kilikuwa kimemganda mgongoni kikining'inia kama mkia wa koti, na yeye hajui, anaendelea: "Tumekuja kwa amani, tumeona ua limechanua katika boma hili..." Mimi niliuma pazia la mlango nisicheke. Halafu akanyamaza. Akajikuna shingoni. Akajikuna tena. Kezia naye akaruka kutoka kwenye kochi kama msichana, "Woi! Kuna nini hapa?"

Sisimizi! Waliingia kupitia ufa wa ukuta nyuma ya makochi, mstari mrefu, wamefuata sukari hadi ndani, na sasa walikuwa wameipanda familia nzima. Ujumbe wa wakwe ukatoka nje mbio, wanajipiga migongo, Paul amevua koti, na lile kundi la heshima likawa linarukaruka uwanjani kama watu wa madhehebu fulani. Byron peke yake ndiye alikuwa anacheka.

Ndani, Phelesia alivivua vile vitambaa vyote akavitupa kwenye karai. Makochi yakabaki uchi, sponji nje, matundu yote yanaonekana. Lynnet alikuwa amesimama jikoni karibu na jiko langu, uso kwenye viganja, analia. "Nimeaibika, Mama Nyanchoka. Nimemaliza kila kitu."

Ulimi wangu ulikuwa unawasha. Lakini niliangalia sebuleni, nikaona Barnabas amesimama kando ya sanduku, mikono nyuma. Hakulifungua. Alikuwa amesema sawa, na sawa yake ni sawa. Phelesia alimwangalia yeye, yeye alikuwa anamwangalia binti yake.

Lynnet akafuta machozi na upindo wa leso. Kisha akasema, sauti ndogo, "Vileteni. Lakini msiseme ni nani ameshona. Tafadhali."

Barnabas akafungua sanduku. Sasa sikiliza: wakwe wako nje wamesimama, nyama inapoa, na huyo mwanaume anatandika vitambaa vyake kimoja kimoja kama hakuna mtu duniani. Anaweka, anarudi nyuma, anaangalia, anasogeza kidogo. "Barnabas, watu wamesimama!" nikamwambia.

"Wanaangalia ziwa," akajibu. Nikachungulia. Ni kweli. Kule juu huwezi kusimama uwanjani bila kuliona, na walikuwa wameligeukia wote, hata Paul, koti mkononi.

Wakarudi ndani. Ile sebule ilikuwa nyingine. Vile vitambaa vilikuwa vimetiwa uji wa muhogo siku nyingi kabla, vikanyooshwa, vikatulia, vyeupe, vyepesi, vinakaa juu ya yale makochi mabovu kana kwamba makochi yalitengenezwa kwa ajili yao. Kezia hakuketi. Aliinama juu ya meza ya katikati, akavaa miwani, akashika pindo la kile kikubwa, akakigeuza aone upande wa chini. Mtu wa sindano huangalia nyuma ya kazi, maana hapo ndipo uvivu hujificha.

Lynnet alikuwa amepiga magoti mbele yake na jagi na beseni, anawanawisha wageni mikono.

"Mama Lynnet," Kezia akamwambia Phelesia, "hii umeshona wewe?"

Phelesia aliinamisha macho. Alikuwa ameombwa asiseme, na kusema uongo hakutaka. Kimya kikaingia. Lynnet angeweza kukiacha kipite, angemwaga maji tu, shangazi angedhani mama ni mtu wa haya na mambo yangeisha. Maji yalikuwa yanamwagika nje ya beseni, yanalowesha mkeka.

"Ni baba ameshona," akasema.

"Nani?" Paul akauliza.

"Baba yangu. Kwa mkono wake. Hushona akiwa kazini, getini, Suna. Yeye ni soja."

Paul akacheka. Usiniambie wakwe walipigwa na butwaa kama kwa sinema. Walicheka! Paul alicheka mpaka tumbo likapanda na kushuka, "Mwanaume? Na kroshia?" na wale wengine wakamfuata. Barnabas naye akacheka kidogo, kuanzia mabegani. Nilitaka kuingia na pini ya kusukumia chapati.

Lakini Lynnet hakucheka. Aliweka jagi chini. "Ndiyo, mwanaume," akasema, na sasa alikuwa anaongea polepole, neno kwa neno. "Na hilo ni dirisha. Alikuwa amelala hospitali na mguu juu, na mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nakaa pale kitandani. Hiki ni chuma. Hili ni jani. Hili ni ua." Alikuwa anaonyesha kwa kidole. "Alinionyesha mpaka nikajua. Nilikuwa nimesahau kwamba najua."

Hapo kicheko kikaisha chenyewe. Mimi nililia, sitaki kuficha. Machozi yalianguka kwenye unga.

Kezia akamgeukia Paul. "Paul, simama hapo. Umekalia kazi ya mtu." Paul akasimama, maskini, mara ya pili siku hiyo. Shangazi akavipitia vyote, kimoja baada ya kingine, akiuliza hii ni nini, na Lynnet akijibu: hii ni mvua, hii ni njia ya sisimizi. "Sisimizi tumeshawajua," Kezia akasema, na nyumba nzima ikacheka upya, kicheko kingine sasa, kizuri. "Usione vyaelea, vimeundwa," akaongeza, na akamwambia Barnabas kwamba yeye mwenyewe amekuwa akishona tangu akiwa msichana, na nyuma ya kazi yake yeye haijawahi kuwa safi namna ile.

Barnabas aliinama karibu. "Hapa pembeni kuna kitanzi kimelegea," akasema. "Nilikuwa na mawazo siku hiyo." Lynnet alisikia. Aliangalia chini.

Tukala. Chapati zangu zilisifiwa, na zilistahili. Mama akaulizwa, mama akakubali, vigelegele vikapigwa. Jioni wakwe walipokuwa wanafungiwa kuku na nyama ya kubeba, Kezia akakirudia kile kitambaa cha meza. Akakipapasa. "Mzee Barnabas," akasema, "mimi siombagi. Lakini hiki nitaenda nacho. Nitakiweka sebuleni kwangu, kila anayekuja nimwambie ni cha mkwe wetu."

Wewe unajua vile ilivyo. Mgeni wa siku kama hiyo akiomba kitu, unakataaje? Tena shangazi! Barnabas ni mtu wa kutoa. Nikaona ameshaanza kukikunja, polepole, ncha kwa ncha, na uso wake hauna neno.

Lynnet akaweka mkono juu ya kitambaa.

"Hapana, baba," akasema. "Shangazi atanisamehe. Achukue kingine chochote. Hiki hakitoki." Akakivuta kifuani pake. "Hiki ni changu."

Phelesia akashtuka, Byron akatazama miguu yake. Kezia akavua miwani, akamwangalia yule msichana kwa muda, kisha akatabasamu mpaka mapengo yakaonekana. "Sasa," akasema, "sasa ndiyo nimemwona bibi arusi wetu." Akachukua kile cha mvua.

Barnabas alikuwa amegeuka kuelekea mlangoni. Alisimama pale, mgongo kwetu, mabega yanatikisika, na safari hiyo hakuwa anacheka. Akajipangusa uso na mkono wa koti lake la harusi. Halafu akaita, bila kugeuka, kwa sauti ile ile niliyoichukia miaka yote.

"Ebu kujeni muone."

Hakuna aliyeuliza ni nini. Tulitoka wote, wakwe, wenyeji, Paul na kuku wake kwapani, na mimi nikiwa na mikono ya unga. Jua lilikuwa limeteremka, na ziwa lilikuwa la rangi ambayo sina jina lake. Lynnet alisimama kando ya babake, kitambaa kimekumbatiwa. Nyuma yangu, jikoni, nilisikia harufu ya chapati ya mwisho ikianza kuungua. Nikaiacha iungue.